Kisima Kilichokwama Alhamisi

Mlinipa vitu vitatu siku ile ya kuniaga kazini: saa ya ukutani, keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na ombi la kuandika jinsi tulivyofanya kazi kabla yenu. Keki wajukuu waliimaliza kabla sijavua koti. Ombi ndilo hili. Kuhusu saa, sijui ni nani kati yenu aliyeichagua, ila akifika mwisho wa maandishi haya ataelewa kwa nini niliipokea nikacheka peke yangu mkadhani nimezeeka.

Sitaandika nani alipandishwa cheo lini. Hayo yamo kwenye mafaili, na mafaili yenyewe panya wamekwisha kuyasoma.

Nilifika Kitengela miaka ya tisini ikielekea mwisho, nikitoka upande wa Machakos, ambako nilikuwa nikitengeneza redio sokoni. Kitengela mliyoikuta nyinyi, ya magorofa na bodaboda, haikuwepo. Kulikuwa na safu ya maduka kando ya barabara ya Namanga, ng'ombe wakivuka wapendavyo, na vumbi jeupe la machimbo ya mawe lililokaa juu ya kila kitu, hata sukari. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya duka la simiti na mabati. Nilibisha mlango nikiwa nimebeba kifuko cha bisibisi zangu, nikiamini kwamba najua kazi.

Aliyenifungulia alikuwa Madam Nashipae, mwenye karakana. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kajiado, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi wa shanga alioushona mama yake. Alitazama kifuko changu, akanipa brashi mpya ya kupakia rangi.

"Hiyo ni ya nini, Madam?"

"Ya vumbi. Kila asubuhi, kabla hujaiuliza hiyo kompyuta kitu yoyote, unaipanguza. Ukimaliza unakunywa chai. Halafu sasa tutaongea mambo ya kazi."

Mwezi mzima wa kwanza nilipanguza. Nilikuwa na hasira za kijana, nikamwandikia mama kwamba nimeajiriwa kuwa mfagiaji wa kompyuta. Baadaye niligundua kwamba ile kompyuta ilikuwa moja tu, na ikizimika kwa vumbi lililoziba feni, sote tungerudi makwetu.

Wakati huo tulitengeneza bodi, yaani vibao vidogo vya saketi vya kuendesha vifaa, kwanza mizani za machinjio, baadaye pampu za maji. Kwa ambaye atasoma haya na si wa kazi yetu, kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya programu, inayoiamsha bodi na kuijulisha viungo vyake: hapa una kumbukumbu, hapa una taa, huu ni waya wako wa kuongea na nje. Kerneli tuliyoipata kwa watu wa mbali ilikuwa imebebeshwa kila kitu ambacho mashine yoyote duniani ingeweza kukihitaji. Bodi zetu zilikuwa ndogo kama kiganja na kumbukumbu zao zilikuwa finyu. Kazi yangu ilikuwa kupitia orodha ndefu ya maswali, mamia kwa mamia, na kujibu kila moja Ndiyo au Hapana. Ukishajibu, unaiambia kompyuta itengeneze kerneli yako. Sisi tuliita kazi hiyo kupika. Kompyuta ile ilipika kwa nusu siku nzima, ikiunguruma, na ukijibu vibaya swali moja unakula mbichi.

Kerneli yangu ya kwanza nilikuwa mkali kweli. Nilisema Hapana kila mahali, nikapata kerneli nyembamba ya kupendeza. Niliipakia kwenye bodi, nikawasha, bodi ikakaa kimya. Nilihangaika siku mbili. Siku ya tatu Madam alisimama nyuma yangu, akapitisha kidole kwenye majibu yangu, akakiacha kwenye mstari mmoja.

"Musyoka, hii waya bodi inatumia kuongea na wewe, uliiambia nini?"

"Hapana."

"Sasa unalia haikuongeleshi?"

Hakunikaripia zaidi ya hapo. Alifungua droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu, na huo ndio mwanzo wa lile daftari ambalo nyinyi mmekuwa mkiliona kwenye rafu na kudhani ni la risiti. Alichora mistari miwili kwa rula, ikawa safu tatu. Ya kwanza, kitu chenyewe. Ya pili, Ndiyo au Hapana. Ya tatu aliandika: *Nani ataumia?*

"Kila ukisema Hapana," aliniambia, "andika jina ya mtu. Si jina ya kifaa. Mtu. Kama hakuna, andika hakuna. Lakini uwe umefikiria."

Kulikuwa na sheria ya pili. Hakuna kufuta. Ukigundua ulikosea, unaandika chini ya kosa lako, na kosa linabaki hapo likikutazama. Niliona ni ukali usio na maana. Mtu aliyezoea redio hajui kuandika makosa yake. Anajua kuyafunika na kifuniko, na kukaza skrubu.

Miaka ikapita, nikajifunza. Nilijifunza kulehemu mguu wa chipu usioonekana bila lenzi. Nilijifunza kwamba bodi ikigoma, kwanza unaangalia stima, halafu waya, halafu wewe mwenyewe, na programu mwisho. Tulinunua kompyuta nyingine iliyopika kwa dakika arobaini, nikaomboleza kidogo kwa sababu chai za kazini zilipungua. Ndipo likaja jambo la kisima.

Kisima hicho kiko nje ya mji wa Kajiado, kwenye uwanda ambako baba yake Madam alifugia. Jina lake Mzee Lemaiyan. Kisima kilikuwa na pampu ya stima, tangi juu ya mnara, na birika refu la saruji ambako ng'ombe walikunywa. Kilikuwa pia na ugomvi. Maji yake yalijirudisha polepole, kwa hiyo wazee walikubaliana zamani kwamba kila boma lina siku yake ya kunywesha, na Alhamisi kisima kinapumzika kabisa. Lakini swichi ni swichi. Mtu alipita, akaiwasha siku isiyo yake, kisima kikakauka, pampu ikaungua, na watu wa rika moja wakaacha kusalimiana.

Mzee Lemaiyan ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa wazee akasema binti yake anaweza kutengeneza mashine ambayo haina boma wala rika. Itavuta maji siku sita, Alhamisi itapumzika. Swichi ing'olewe, mashine iwekwe ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo ukae Kitengela, mbali na kila mtu, asije mmoja akalaumiwa. Waliosema haiwezekani walikuwa wengi. Aliwaambia wamlaumu yeye. Hakuweka kitu kingine ila neno lake, na kwa mtu wa umri ule hakuna rehani nzito zaidi.

Siku aliyokuja karakana kuona kazi, nilimwona mlangoni, mrefu, shuka begani, ameshika kiredio chake kidogo cha mkononi ambacho hakwenda popote bila kuwa nacho. Nilijua neno moja la Kimaasai.

"Sopa, Mzee."

"Epa," akajibu, akainua kiganja kuelekea kichwa changu, kama wazee wa kule wanavyowasalimu watoto. Mimi nikakidaka kile kiganja hewani nikakitikisa kwa nguvu. Mzee akatazama mkono wake, akamtazama binti yake.

"Huyu Mkamba wako ako na nguvu," akasema. "Tumpatie kazi ya kuvuta maji, tuache mashine."

Kazi ya ile bodi tuligawana. Mimi nilichukua kerneli. Madam alichukua sehemu ambayo hakuna aliyemwomba: sehemu ya simu. Aliunganisha bodi na kifaa cha simu ya mkono ili kila siku saa kumi na mbili jioni kisima kimtumie ujumbe Kitengela, kwamba leo nimevuta maji kiasi hiki. Aliifanya miezi mitatu, jioni na Jumamosi, baada ya kazi za wateja. Alisema ni kwa ajili ya matengenezo. Lakini nilimwona siku ya majaribio, ujumbe wa kwanza ulipoingia. Alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Basi nikapika kerneli, ikazidi nafasi yake kwenye chipu ya kumbukumbu kwa kilobaiti tatu. Leo mnacheka, picha ya paka mnayotumiana ni kubwa mara mia ya hiyo. Lakini chipu haikui kwa huruma. Nilipitia orodha tena, nikafika kwenye saa. Bodi ilikuwa na kichipu cha saa chenye betri yake ndogo, cha kutunza tarehe hata stima ikipotea, na kerneli ilihitaji kipande kidogo cha programu ili iweze kukisoma. Nikajiuliza: nani anakitumia? Pale mezani kila nilipoiwasha bodi tarehe ilikuja sawasawa. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: *Saa ya bodi. Hapana. Nani ataumia: hakuna.*

Kerneli ikaenea. Nilijipongeza kwa chapati mbili.

Tulifunga mashine mwanzoni mwa kiangazi, tukaiamsha ikiwa imeunganishwa na kompyuta ya karakana tuliyoibeba kwa siku hiyo moja. Wazee walikuja, wakazunguka sanduku, mmoja akaligonga kwa fimbo. Lilikuwa na taa mbili kwa nje, ya kijani kwa kuvuta maji na ya manjano kwa kupumzika. Wiki tatu za kwanza stima haikupotea hata mara moja, jambo ambalo kwa Kajiado lilipaswa kututia wasiwasi. Ujumbe uliingia kila jioni. Madam alikuwa akiusoma kwa sauti, kisha anafunga duka.

Kisha mgao wa stima ukaanza. Upande ule ilikatwa asubuhi na kurudi jioni, kila siku. Ujumbe wa kisima ukaacha kuja. Tukalaumu mtandao, kwa sababu minara ya simu nayo ilikuwa inazimika. Siku moja, mbili, tatu, nne. Nilimwambia Madam asiwe na wasiwasi, na nasikitika kwamba aliniamini.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa nikipanguza kompyuta nilipoona shuka mlangoni. Mzee Lemaiyan alikuwa ametoka nyumbani alfajiri. Angeweza kupanda kilima atafute mtandao apige simu, lakini kuna mambo ambayo mzazi hayasemi kwa simu. Madam alimwinamia, naye Mzee akamwekea mkono kichwani. Akaketi. Akanywa kikombe cha kwanza cha chai. Akauliza habari za watoto. Akanywa cha pili. Redio yake ilikuwa imezimwa, nami sikuwahi kuiona imezimwa.

"Papa," Madam akamwambia, "kuna nini?"

"Hakuna mbaya." Akaweka kikombe chini. "Nashipae, hiyo mashine yenu iko sawa. Sijasema iko mbaya. Lakini inapumzika sana."

"Inapumzika namna gani?"

"Taa ni ya manjano. Ijumaa manjano. Jumamosi manjano. Jumapili mimi mwenyewe nimekaa hapo mpaka stima ikarudi jioni, nikasema sasa itaamka. Manjano. Mliniambia hiyo ni rangi ya Alhamisi. Sasa nikajiuliza, hii mashine kwani inadhani kila siku ni Alhamisi?"

Brashi ilinitoka mkononi.

Aliendelea kuongea kwa upole, akimtazama binti yake tu. Tangi lilikuwa limeisha tangu Jumapili. Watu walikuwa wakipeleka mifugo mbali, siku nzima ya kutembea kwenda na kurudi. Ng'ombe wake mmoja mzee, yule wa madoadoa ambaye Madam alikunywa maziwa yake akiwa msichana, alilala njiani akakataa kuamka. Watu walisema mengi. Yeye aliwaambia siku nne mfululizo kwamba mashine ni kama mtoto mgeni, ipewe muda. Lakini jana jioni wazee walikaa. Walikuwa wamekubaliana kwamba kesho asubuhi, birika likiwa bado kavu, watavunja sanduku warudishe swichi.

"Hiyo ya kuvunja si kitu," akasema Mzee. "Chuma ni chuma. Lakini watavunja na wewe hujafika, halafu watasema ni kazi ya binti ya Lemaiyan. Nimekuja kukuita ufike kwanza."

Mimi nilikuwa tayari mezani. Tulikuwa na bodi ya akiba, pacha wa ile ya kisimani, na mara ya kwanza tangu niijue niliing'oa waya zote ila wa stima na ule wa kuongelea. Nilipong'oa ule wa mtandao unaokwenda kwenye kompyuta, nilikwishaelewa. Pale mezani tarehe ilikuwa sawasawa siku zote kwa sababu kompyuta ya karakana iliipa bodi tarehe kila ilipoamka, kupitia waya ule. Kisimani, tulipoondoka, hapakubaki waya wala kompyuta. Nikakata stima, nikahesabu mpaka kumi, nikairudisha, nikaiuliza bodi leo ni lini.

Ikajibu: Alhamisi, Januari mosi, mwaka wa elfu moja mia tisa na sabini.

Kila kerneli ya aina ile isiyojua tarehe huanza kuhesabu kutoka siku hiyo, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mashine ya kisima iliamka kila jioni stima iliporudi, ikaona ni Alhamisi usiku wa manane, ikapumzika kwa utii, ikakatwa asubuhi kabla haijafika Ijumaa wala saa ya kutuma ujumbe. Jioni ikaamka tena kwenye Alhamisi ile ile. Saa yake ya betri ilikuwa hai pale pale ubavuni mwake, ikijua siku na saa, na mimi nilikuwa nimeitenga.

Nilikuwa na nafasi ya kufunika na kifuniko na kukaza skrubu. Ningesema chipu ni mbovu, na hakuna ambaye angejua. Nilitazama daftari kwenye rafu. Nikalitoa, nikalifungua kwenye ukurasa wangu, nikaliweka mbele ya Madam, juu ya vikombe.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika hakuna."

Alisoma. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa mstari wenyewe. Mimi nilienda nikasimama mbele ya Mzee, na kwa kuwa sikujua Wakamba wanaomba msamaha namna gani kwa Mmasai aliyepoteza ng'ombe, niliinamisha kichwa. Nikahisi kiganja kikavu, kizito, juu ya utosi wangu.

"Wewe ni mtoto mkubwa sana," akasema Mzee. "Sasa inuka, utengeneze."

Madam alinipa kalamu. Chini ya neno *hakuna* nikaandika: *Mzee Lemaiyan.* Mwandiko haukuwa mzuri safari hiyo.

Kisha tukaanza kazi, na ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Stima ingerudi Kajiado jioni, na pampu ilihitaji usiku wote kujaza tangi. Kwa hiyo kerneli mpya ilibidi iwe imepikwa, imepakiwa na imefungwa kabla jua halijazama. Nilifikiria njia ya mkato: tuiambie mashine kwamba ikiamka bila kujua siku, ivute tu. Madam akakataa. Kisima kile kikivutwa bila Alhamisi yake kinakauka na pampu inaungua, na huo ndio ugomvi tuliokwenda kuumaliza. Lazima saa irudi. Na saa ikirudi, kilobaiti tatu zinarudi nayo. Chipu kubwa zaidi ilikuwa ya kuagizwa, wiki kadhaa.

Tukakaa na daftari, mstari kwa mstari. Mlinzi wa kuiamsha bodi ikiganda: ukimtoa, ataumia mtunza pampu. Sehemu ya kuhifadhi ratiba: wataumia wote. Waya wa kuongelea: nitaumia mimi, na nilishaumia. Kila kilichobaki kilikuwa na jina la mtu. Tulifika mwisho wa ukurasa, ikabaki sehemu ya simu tu. Sikuthubutu kuitaja. Niligeuza ukurasa kana kwamba sikuiona.

"Rudisha," akasema Madam.

Alikuwa na kalamu mkononi. Mzee akauliza ni kitu gani tunachotazama hivyo kama maiti.

"Papa, ni ile kitu inanitumia ujumbe jioni. Inaniambia mmepata maji."

"Siku hizi tano ilikuambia?"

"Hapana."

"Nani amekuambia?"

Madam akacheka kidogo, kicheko cha kutotaka kulia. "Ni wewe."

"Basi," Mzee akasema, akainua kikombe kuona kama kimebaki chochote. "Kwani wewe ukitaka kujua kama mimi nimekunywa maji, huwezi kuja uniulize?"

Miezi mitatu ya jioni na Jumamosi. Aliandika pole pole, nami nilitazama kila herufi: *Sehemu ya simu. Hapana. Nani ataumia: Nashipae.*

Upishi wa kwanza uliharibika kwa kosa la herufi, langu. Wa pili ukakubali, na kerneli ikaenea ikabakiza nafasi. Niling'oa tena zile waya, nikakata stima mara saba, na mara zote saba bodi iliamka ikijua leo ni siku gani. Mara ya saba Mzee alisema inatosha, itachoka. Tukaingia kwenye pikapu, yeye katikati, redio yake ikiwa imewashwa tena na kutupigia kelele mpaka Kajiado.

Tulifungua sanduku saa kumi na moja. Nilibadilisha bodi nikiwa nimezungukwa na wazee sita waliokuja kuhakikisha kwamba kesho kutakuwa na la kuvunja. Tulimaliza, tukafunga, tukangoja, kwa sababu stima haikuwa imerudi. Jua likashuka. Madam alisimama karibu na baba yake bila kumgusa. Mimi niliomba kwa Kikamba, kimya kimya, nikijua Mungu halaumu lugha.

Stima ikarudi. Taa ya manjano ikawaka, kama inavyopaswa wakati bodi inaamka, nikasikia mzee mmoja akiguna. Nusu dakika. Kisha kijani. Chini ya miguu yetu bomba likatetemeka, na juu ya mnara maji yakaanza kugonga sakafu ya tangi tupu, kwa kelele nzuri ambayo ningependa kuzikwa nayo.

Mzee Lemaiyan hakushangilia. Aliwageukia wenzake akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Niliwaambia ni mtoto mgeni."

Asubuhi yake birika lilijaa, na sanduku halikuvunjwa. Lipo mpaka leo, ingawa ndani yake nyinyi mmeweka bodi yenye nafasi ya kutosha kubeba Kajiado nzima.

Miezi michache baadaye zile chipu kubwa zilifika. Niliziweka mezani kwa furaha, nikamwambia Madam sasa tunaweza kurudisha simu yako, kazi ya siku moja tu. Alizitazama, akaziweka kwenye droo.

"Wacha tu," akasema. "Jumapili naenda."

Alikwenda Jumapili ile, na kila Jumapili ya pili baada ya hapo, miaka mingi, kwa pikapu, kwa basi, mara mbili kwa lori la mawe. Jumatatu alirudi na vumbi jekundu kwenye viatu na habari ambazo hakuna bodi ingezituma: Mzee amegombana na redio, Mzee amekataa dawa, Mzee amempa mtoto wa ng'ombe jina langu kwa sababu ana nguvu na hana adabu. Nilikuwa naye kwenye mazishi ya baba yake. Baada ya mazishi alirudi kazini, akapanguza kompyuta mwenyewe, akafanya kazi miaka mingine, akastaafu, akaniachia ufunguo na brashi. Hatukuzungumzia tena ile sehemu ya simu.

Juzi, nikikusanya vitu vyangu, nilishusha daftari la bluu niwaachie. Nilitaka kuwawekea alama kwenye ukurasa wa kisima, muone kosa langu na jina lililo chini yake. Nilikuwa sijaufungua ukurasa ule tangu siku ile. Mtu hatembelei kosa lake bila sababu. *Saa ya bodi* ipo, na *hakuna* yangu ipo, na *Mzee Lemaiyan*. Mistari michache chini ipo *Sehemu ya simu. Hapana. Nani ataumia: Nashipae.* Na chini ya hapo kuna mstari mwingine ambao sikuwahi kuuona, kwa mwandiko wake, na tarehe ya wiki ile tuliyomzika Mzee. Mnajua sheria: hakuna kufuta, unaandika chini.

Ameandika: *Nilikosea. Sikuumia. Nilienda mwenyewe.*